Nyuma ya Televisheni

Majaliwa alikisogeza kile kiti tena. Irine, mkewe, alisimama mlangoni na ufagio mkononi, akamtazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Baba Evaline, hicho kiti mwaka huu kitafika Moshi kwa miguu."

"Kimya kwanza. Njoo ukae hapa, ufumbe macho."

Irine akaketi, ufagio mapajani. Majaliwa akaweka kaseti kwenye redio, kwaya ikaanza kuimba kutoka kwenye spika mbili kubwa alizoziunda mwenyewe kwa mbao za mninga.

"Sauti inatoka wapi?"

"Kwenye spika. Itoke wapi tena?"

"Fumba macho vizuri, mwanamke!"

Irine akafumba vizuri. Kikapita kitambo, kisha akanyanyua nyusi. "Ala! Inatoka katikati. Pale pale kwenye kioo cha televisheni."

"Umeona sasa!" Majaliwa akapiga makofi. "Ukikaa hapo, ni kama mtu yumo mle ndani anasema na wewe. Ukijisogeza upande kidogo tu, imeharibika. Hicho ni kiti cha mama. Na kiti changu kitakuwa hapa, ubavuni pake, ili akitaka kuuliza jambo nimjibu."

Irine akafumbua macho. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akautazama uso wa mumewe uliokuwa unang'aa kwa furaha, akaufunga. Akaendelea kufagia. Na mimi nasema hapo ndipo alipokosea, maana neno lililotakiwa kusemwa lilitakiwa kusemwa pale pale, kabla viti havijazoea mahali pake. Lakini nani kati yetu amewahi kumwagia maji mtu anayecheka?

Huyo mama aliyekuwa akitengenezewa kiti ni Bibi Hedwiga wa Mbaga, mama mzazi wa Irine. Tangu Majaliwa amwoe binti yake, bibi huyo hakuwahi kukanyaga nyumba yao ya Same. Hata siku moja. Irine alipojifungua, alipandishwa mlimani akalelewe huko. Watoto walipougua, aliletwa shangazi. Ndizi zililetwa, tangawizi ililetwa, mahindi ya makande yaliletwa, lakini mwenyewe, wapi! Na Majaliwa alipopanda Mbaga wakati wa Krismasi, Bibi Hedwiga alitokea mlango wa nyuma yeye akiingia mlango wa mbele. Wakikutana njiani, bibi aliacha njia, akaingia kwenye migomba, akajifunika khanga mpaka puani. Majaliwa akisema, "Shikamoo, mama," jibu lilitoka kwenye migomba: "Marahaba."

Sasa mtu akitendewa hivyo mwaka baada ya mwaka atafikiri nini? Majaliwa alifikiri kile ambacho mimi na wewe tungefikiri. Alijua yeye ni nani. Baba yake alitoka Kasulu kuja kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba, na Majaliwa alizaliwa na kulelewa kwenye kambi ya shamba la mkonge huko tambarare. Kambini kulikuwa na Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, kila mtu na lugha yake, na wote walikula sinia moja, baba, mama, mkwe, jirani, mkono huu ukigongana na ule. Akaoa kwenye nyumba ya watu wa mlimani, Walutheri wa tangu babu, wenye mashamba yenye mifereji na makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba. Akajiambia: huyu mama ananiona mtu wa katani. Namnukia mkonge.

Irine alimwambia zaidi ya mara moja, "Ndiyo desturi yetu, mume wangu. Mama hakai na mkwe."

Naye kila mara alijibu, "Na Sylvester je?"

Hapo Irine alinyamaza. Maana Sylvester, mume wa Rosemary, mdogo wake Irine, alikuwa karani wa ofisi huko Mwanga, mtu wa viatu vya kung'aa na pikapu ya mitumba. Sylvester akifika Mbaga, Bibi Hedwiga alitoka jikoni akaketi naye. Walicheka pamoja. Walikula bakuli moja! Majaliwa aliyaona kwa macho yake, akiwa amekaa peke yake sebuleni na sahani iliyoletwa na mtoto. Kama ni desturi, ilikuwaje desturi ikajua kuchagua? Irine aliinamisha kichwa, akasema, "Sylvester ni mambo mengine," basi. Majaliwa naye akamalizia mwenyewe moyoni: naam, mambo mengine, mambo ya karani na manamba.

Halafu ikaja televisheni.

Wewe uliyezaliwa juzi huwezi kujua. Miaka ile ya dhiki, Majaliwa alikuwa fundi redio pale karibu na stendi ya Same, na redio zenyewe zilikuwa zinakufa kwa kukosa betri. Watu walianika betri juani kama dagaa ili zirudishe nguvu kidogo wasikilize taarifa ya habari. Sabuni ilikuwa habari. Khanga ilikuwa muujiza. Kisha ikaja ruksa, mipaka ikafunguliwa, na vitu vikamwagika mpaka watu wakapata kizunguzungu. Majaliwa alirekebisha redio kaseti za nusu ya mji, akajinyima, na siku moja akateremka kwenye basi la Moshi amekumbatia televisheni ya rangi iliyotoka Dubai ikiwa imeshatumika. Nyuma yake utingo alikuwa amebeba deki ya video. Upepo wa Same ulikuwa unavuma vumbi kama kawaida yake, na Majaliwa akalivua shati lake akaifunika televisheni, akaenda nyumbani kifua wazi. Watu walicheka mpaka basi likaondoka.

Deki ile ilikuwa na kisirani. Kanda ukiiweka haikubali kukaa mpaka ukibonyeze kifuniko kwa kidole na kukishikilia, na ukizubaa inaanza kuitafuna. Mwenye kuielewa alikuwa Majaliwa peke yake. Irine aliwahi kujaribu, kanda ikatoka imeshonana kama uzi wa sweta.

Na mwezi uleule, kwa dereva wa basi, ikafika kanda kutoka Mwanza. Eliufoo, kitinda mimba wa Bibi Hedwiga, alikuwa amefunga ndoa huko. Mama yake hakwenda. Alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa kisimani akavunjika kifundo cha mguu, na arusi haikuweza kungoja mfupa. Bibi alilia Mbaga kengele zikipigwa Mwanza. Sasa mguu ulikuwa umepona, na arusi nzima ilikuwa imelala ndani ya kanda moja nyeusi, mezani kwa mtu wa katani.

Habari ilipopanda mlimani, jibu lilirudi haraka: Bibi Hedwiga atateremka Jumamosi. Sylvester na Rosemary watamleta kwa pikapu, njia ya Mwembe.

Majaliwa hakulala vizuri wiki ile. Alifikiri jambo moja tu: mama mkwe ataketi nyumbani kwangu. Akiketi, akakuta kiti kizuri, sauti nzuri, mwanawe anamwangalia usoni kwa rangi kamili, atasema huyu naye ni mtu. Ndiyo maana alikuwa akisukuma viti. Aligundua kwamba spika ikikaa sakafuni, sauti nzito inatetemesha sakafu na vikombe vya kabatini vinagongana meno. Akaweka spika juu ya vigoda, chini ya vigoda akakunja magunia. Aligundua kwamba jua la dirishani linafuta picha. Akapigilia mablanketi madirishani. Televisheni aliiweka juu ya meza ukutani, si juu sana asije mgonjwa wa mguu akaumia na shingo, si chini sana kichwa cha mtu kikaziba. Sebule ikawa na giza tamu kama la kanisani. Kiti cha mama katikati, kimetandikwa kitambaa cha kufuma. Kiti chake ubavuni, mkono kwa mkono. Hivyo ndivyo mtu wa kambini anavyoonyesha heshima: anakuweka karibu.

Usilolijua ni usiku wa giza, na Majaliwa alikuwa amejitilia giza mwenyewe kwa mablanketi.

Jumamosi pikapu ikafika. Sylvester alishuka wa kwanza, akijipangusa vumbi kwenye kola. "Mwanyumba!" akaita, kama ilivyo kwa wanaume waliooa dada na dada. "Leo tunaona sinema ya bure! Nakaa wapi mimi? Spika hizi umezielekeza vibaya, zilitakiwa zitazame juu."

"Zitazame juu zimwimbie nani, popo?" Majaliwa akajibu, na Rosemary akacheka akimshika mama yake mkono.

Bibi Hedwiga alishuka polepole. Alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, khanga mbili mpya kiunoni na nyingine kuukuu kichwani. Majaliwa akasimama kando ya mlango wake, ameshaipanga hotuba. "Karibu sana, mama. Shikamoo. Karibu ndani, kiti chako kiko pale katikati, na mimi nitakaa hapa hapa pembeni yako."

Bibi alifika kizingitini. Akachungulia. Aliona viti viwili vimegusana mikono. Akasimama, akavuta khanga ya kichwani ikafika puani, akageuka, na bila kusema neno akachechemea uani mpaka kwenye jiko la nje. Mlango wa jiko ukafungwa.



"Amesahau kitu?" Sylvester akauliza. Akaingia ndani akakaa kwenye kiti cha katikati, akanyoosha miguu. Majaliwa alibaki amesimama, macho yake yamekwama kwenye mlango wa jiko. Alikuwa ameitambua ile khanga kuukuu. Ilikuwa ya kwake! Ilikuwa khanga ya mkaja, zawadi ya mama wa binti, aliyoipeleka Mbaga wakati wa kuoa. Mwaka ule khanga hazikuwapo Same wala Moshi. Aliifuata Taveta kwa njia za panya, akauvuka mpaka ameizungusha tumboni chini ya shati, akiogopa mgambo. Na leo ile ile ndiyo aliyojifunikia mama asimtazame. Iliuma, jamani. Iliuma mpaka akahisi tumbo linaungua pale pale ilipokuwa imefungwa siku ile.

Akaingia ndani akang'oa waya wa televisheni, ukutani na kwenye televisheni yenyewe.

"Baba Evaline, unafanya nini?" Irine alimfuata mbio.

"Nakusanya vitu vyangu. Mama yako ameona nyumba, imemtosha."

"Mume wangu, sikiliza. Mama hawezi kukaa chumba kimoja na wewe, achilia mbali ubavuni! Umemwekea kiti kama cha bibi arusi wako. Angekaa vipi? Nilitaka kukwambia, nikakuona umefurahi, nikashindwa."

"Na huyu?" Majaliwa akamwonyesha Sylvester, ambaye alikuwa akijaribu kiti kama kinabonyea. "Huyu angeweka kiti ubavuni angekimbiwa?"

Irine akatazama chini. Rosemary, aliyekuwa mlangoni, naye akatazama chini. Majaliwa akaona nyuso zile mbili za dada na dada zimeinama kwa pamoja, na hakuelewa, akazidi kukasirika. Akatoka uani, ameshika waya na plagi yake mkononi kama nyoka aliyemuua, akakusudia kwenda zake stendi mpaka wageni waondoke.

Ili ufike barabarani kwenye nyumba ile lazima upite nyuma ya jiko. Akapita. Na ndani ya jiko akasikia sauti ya Bibi Hedwiga akiongea na mjukuu wake Evaline.

"Wewe uliiona, mjukuu wangu?"

"Niliiona kidogo, bibi. Baba alikuwa anaijaribu."

"Mjomba wako alivaa suti rangi gani?"

"Ya kijivu."

"Ya kijivu. Alikuwa amekonda?"

"Hapana, bibi. Alikuwa anacheka."

"Alikuwa anacheka. Haya. Niambie tena, alipoingia kanisani aliingia na nani? Niambie polepole, maana ndiyo hivyo nitakavyoiona, kwa mdomo wako, kisha nirudi nyumbani."

Majaliwa alisimama na plagi yake. Hasira ni kitu cha ajabu. Ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na sasa aliitafuta asiione. Alimkumbuka mama yake mwenyewe, aliyezikwa kambini bila kuiona tena Kasulu, aliyekuwa akiwauliza wageni wote waliotoka huko maswali ya namna ile ile: mto umejaa, mwembe ule upo? Akajisemea: hanitaki, asinitake. Lakini mama atoke Mbaga na mguu mbovu aje asimuliwe arusi ya mwanawe na mtoto mdogo jikoni, na televisheni ipo? Thubutu!

Akarudi ndani.

"Sylvester, inuka."

"Kuna nini tena?"

"Inuka tuhamishe meza. Irine, niletee vitenge vyako viwili vikubwa. Rosemary, shika spika ya kushoto, taratibu, hiyo ni mninga."

Nyumba yao ilikuwa na sebule, na ukutani mkabala na mlango wa kutokea kulikuwa na mlango wa kuingia chumba cha kulala. Majaliwa aliitoa meza ya televisheni ukutani, akaisukuma mpaka kwenye kizingiti cha mlango ule wa chumba, kioo kikitazama sebule, mgongo ukitazama kitanda. Meza ilijaa mlango barabara. Akapanda kwenye kigoda, akafunga kamba ya katani, ile aliyoisokota marehemu baba yake, kutoka msumari mpaka msumari, akaninginiza vitenge juu na pembeni mpaka ikabaki televisheni peke yake imechungulia katikati ya maua ya vitenge. Kila kitu kikabidi kihame nayo. Spika zilisogezwa kila moja pembe yake, lakini waya wa kulia ulikuwa mfupi, basi spika ile ikapandishwa juu ya gunia la mahindi, na Majaliwa akaenda kukaa kwenye kila kiti, akafumba macho, akasogeza gunia, akakaa tena. Sylvester alitoa ushauri wakati wote. Hakuna aliyeusikia.

"Sauti imerudi katikati," Majaliwa akasema mwishoni. Akakiweka kiti cha mama mahali pake, peke yake, na kitambaa chake cha kufuma. Kiti chake mwenyewe akakibeba, akapita nacho dirisha la chumbani kwa nje, maana mlango alikuwa ameshauziba, akajipenyeza ndani kama mwizi. Akauchomeka waya tena, akakaa nyuma ya televisheni, deki mapajani.

"Irine," akaita kutoka nyuma ya pazia, "mwambie mama aingie. Mimi simo sebuleni. Mimi ni fundi tu, niko na mashine yangu."

Ikapita muda. Akasikia fimbo ikigonga sakafu. Akasikia kiti kikilia. Akasikia Irine akimwekea mama yake kigoda cha mguu. Mama mkwe alikuwa ameketi nyumbani kwake! Majaliwa akabonyeza kifuniko cha deki kwa kidole, akakishikilia, kanda ikaanza kuzunguka.

Yeye hakuona kitu. Mbele yake palikuwa na mgongo wa televisheni, matundu yake, vumbi lake, joto linampiga usoni kama la chungu kilichotoka jikoni. Lakini masikio alikuwa nayo. Kinanda kilipoanza, akasikia Bibi Hedwiga akivuta pumzi. Kisha sauti nyembamba: "Eliufoo! Mwanangu! Irine, ananiangalia! Anasema nini? Eliufoo, baba, mimi hapa!"

"Hakusikii, mama," Rosemary akasema huku analia na kucheka.

"Atanisikiaje na wewe unapiga kelele?"

Majaliwa nyuma huko akatabasamu peke yake. Kidole kilikuwa kimeanza kufa ganzi, hakukitoa.

Walifika nje ya kanisa, vigelegele, maua, watu wanapeana mikono. Na hapo Bibi Hedwiga akapiga ukelele uliomshtua Majaliwa mpaka kanda ikaruka.

"Yesu wangu! Huyo mwanamke mnene ni nani anayemkumbatia mwanangu?"

Irine akasema kwa sauti ya chini, "Ndiye mama mkwe wake."

"Mama mkwe! Mwambie mumeo arudishe."

"Baba Evaline, mama anasema rudisha."

Majaliwa akarudisha. Wakakumbatiana tena. Bibi akaagiza irudishwe tena, kama mtu anayelipapasa jeraha. "Eliufoo huyu ninayemjua mimi? Kamkumbatia mama mkwe, mchana, mbele ya mchungaji! Mahari alimaliza?"

"Alimaliza yote, mama."

"Basi angekuwa hajamaliza ningemsamehe!"

Sylvester akacheka, akabamiza mkono wa kiti. Mtu yule hakujua kunyamaza, Mungu amsaidie. "Mama, siku hizi watu ni wa kisasa. Na ninyi mwenzangu mnamficha nyuma ya kitenge kama mwali, kwa nini? Mbona mimi nakaa na wewe, tunakula pamoja, na dunia haijaanguka?"

Nyuma ya pazia Majaliwa akainua kichwa. Lilikuwa swali lake mwenyewe, swali la miaka yote ile, limeulizwa na mdomo wa Sylvester.

"Irine, mwambie mumeo asimamishe hiyo mashine," Bibi Hedwiga akasema. Majaliwa akasimamisha. "Sylvester, nitakwambia kwa kuwa umeuliza mwenyewe mbele ya watu. Nakaa na wewe kwa sababu wewe ni mgeni. Mgeni hupewa kiti, hupewa chakula, hupigishwa soga, siku ipite. Umeleta nini Mbaga? Ulileta barua nzuri ya posa, nikaisoma, ina mwandiko mzuri. Baada ya barua sijaona hata kwato ya mbuzi. Watu nimewaambia mlioana bomani, na binti zangu wamekaa kimya kunifichia aibu. Mkono mtupu haulambwi, baba. Nikuonee haya ya nini? Haya huonewa mkwe."



"Huyo aliye nyuma ya pazia," akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imeelekea moja kwa moja kwenye televisheni, ingawa alisema kama anayezungumza na Irine, "alikuja mwaka wa njaa. Hakuwa na ukoo wa kumsindikiza, alikuja na baba yake na wazee wa kambini, kila mmoja na kabila lake. Alileta mbuzi. Alileta blanketi la babu. Alileta mkaja wangu siku ambazo wake za wakubwa walikuwa wanajifunga mashuka. Khanga yenyewe ni hii. Siivai shambani, siivai kanisani. Naivaa siku ninayojua nitapita karibu na mkwe wangu, nijifunike nayo, ajue nimeipokea. Nilidhani anaiona. Mimi mkwe ninaye mmoja tu, na ndiye huyo."

Jamani, mwanamume mzima, fundi anayejulikana stendi nzima, alilia. Alilia kimya kimya nyuma ya televisheni, machozi yakidondoka juu ya deki. Miaka yote ile ya migomba na mlango wa nyuma ilipinduka mbele yake, kila mahali alipoona dharau ikasimama heshima, na khanga yake ilikuwamo kila mara, na yeye hakuitazama. Kidole kikateleza. Kioo kikajaa chenga, spika zikakoroma.

"Irine," Bibi Hedwiga akasema, "mwambie mumeo asiililie hiyo mashine, itaharibika. Bado sijaona keki."

Ndipo kicheko kikapasuka. Rosemary alicheka kuliko wote, na kicheko chake kilikuwa na machozi ndani yake, maana jambo lililomlemea muda mrefu lilikuwa limetoka nje na nyumba haikuanguka. Sylvester akainuka kwenye kiti chake cha karibu, akaenda kukaa mbali, sakafuni kando ya gunia la mahindi lenye spika.

"Mama," akasema, "mahindi yakishavunwa nitaleta mbuzi."

"Lete. Siku hiyo sitakula na wewe tena, na utafurahi."

Waliiona keki. Waliona na ngoma, na zawadi, na gari lililofungwa maputo, na vyote vilivyotakiwa kurudishwa vilirudishwa. Katikati ya ngoma pazia likatikisika chini, karibu na mguu wa meza. Mkono mwembamba wenye mishipa ukapita chini ya kitenge, ukisukuma bakuli la makande yenye moto, yaliyotoka Mbaga kwenye hotipoti. Majaliwa akalipokea bakuli kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa ingawa hakuna aliyemwona.

"Asante, mama."

"Kula, baba," ikajibu sauti upande wa pili.

Akala nyuma ya televisheni, mkono mmoja kwenye kijiko, kidole kwenye deki, na sikumbuki kama kulikuwa na mtu Same nzima aliyefurahia sinema siku ile kuliko yeye ambaye hakuiona.

Jioni pikapu ilipoondoka, Irine alianza kuvifungua vitenge. Majaliwa akamshika mkono.

"Acha."

"Tutapitaje kwenda kulala?"

"Dirishani."

"Wewe! Na mimi?"

Basi meza ikasogezwa kidogo tu, kiasi cha mtu kupita ubavu ubavu huku ameminya tumbo. Televisheni ikabaki mlangoni na pazia lake kwenye kamba ya katani. Majirani waliokuja kuangalia mpira walisema Majaliwa, fundi mzima, hajui kupanga sebule. Aliwaacha waseme. Na kila aliposikia gari la Mbaga linashuka, alikwenda kukitengeneza kile kiti cha katikati, kisha akabeba cha kwake akakiweka nyuma.